Kinywa cha Mbwa wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa akinitukana kupitia mbwa. Sisemi hivyo kwa utani. Katika ua wake pale Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru upande wa Zambia, mwanamume aliyeoa hakuruhusiwa kumtazama mama wa mke wake usoni, wala kumsemesha, wala kula mbele ya macho yake, mpaka siku mama huyo atakapompikia kuku na kumwingiza ndani mbele ya watu. Kabla ya siku hiyo, mkikutana njiani, mmoja wenu anaingia majanini na kugeuza shingo. Siku zote aliyeingia majanini nilikuwa mimi.

Lakini paa linalovuja halingoji sherehe. Mama mkwe akitaka kazi ifanyike, alimgeukia mbwa wake aliyelala katikati ya ua na kusema, kwa Kiswahili cha Kongo alichokiokota kwa wachuuzi wa ng'ambo, kwa sauti ya kunifikia nilipo, nyuma ya ukuta wa matete.

"We imbwa, ambia mutu fulani paa ya nyumba ya moshi inavuja, samaki inalowa. Kwao Kongo, paa ikivuja, banaume banalala tu?"

Nami nilimjibu mbwa huyo huyo.

"Imbwa, ambia mama majani iliisha. Nakwenda kukata ingine."

Mbwa alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akapiga mwayo. Taabu yangu yote ilianzia kwenye mwayo ule. Kinywa cha mbwa yule kilinuka kama maji ya kuoshea samaki yaliyosahauliwa beseni juani. Upepo wa ziwa ukivuma kutoka kwake, mtu alijua mbwa ameamka kabla hajamwona. Tumbo lake lilinguruma mchana kutwa, alitapika povu la njano chini ya vichanja vya samaki, na mbavu zake zingeweza kuhesabiwa na mtu aliye ng'ambo.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati kwetu kulikuwa kukiitwa Zaire. Mimi nilitoka Kilwa, si ile ya bahari bali ya upande wa pili wa Ziwa Mweru. Nilivuka na vitenge na mafuta ya mawese, nikarudi na samaki wakavu. Upande wa Zambia sabuni na mafuta ya kupikia vilikuwa vimeanza kuadimika madukani, na mtu wa ng'ambo mwenye chupa ya mawese alipewa kiti kabla ya salamu. Nikampenda binti wa mama mmoja muuza samaki, naye akasema ananipenda. Nilidhani nitatoa mahari nimchukue, kama tulivyozoea sisi. Wakanicheka. Kwao mwanamume anahamia kwa wakwe, anajenga kibanda ndani ya ua wao, analima mihogo yao, anachimba choo chao, na wakiridhika naye ndipo anaingizwa na kupewa ruhusa ya kuondoka na mke wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi walinipa jembe kabla sijakaa.

Nilivumilia kwa sababu nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kumpeleka mke wangu Kilwa, kwenye nyumba ya matofali niliyokuwa nimeianza, yenye mlango unaotazama maji. Kila nilipovuka na mzigo niliongeza mstari wa matofali. Nilimsimulia habari za nyumba ile mpaka nikaona anaijua kuliko fundi. Yeye alisikiliza huku akipaa samaki, magamba yakimrukia mikononi, akasema, "Ni muzuri." Sikumbuki akisema kitu kingine juu ya nyumba ile.

Nilipomaliza paa, shamba na choo, nikajua zamu ya kuku imefika. Ndipo wanawake wa kanisa walipokuja kusali kwenye ua wetu, pamoja na mchungaji. Mama mkwe alikuwa kiongozi wao. Mikeka ilitandikwa, wimbo ukaimbwa, mchungaji akainamisha kichwa kuanza sala. Mbwa, ambaye alipenda kuwa karibu na watu, akajipenyeza chini ya benchi, akapumzisha kidevu kwenye kiatu cha mchungaji, akapiga mwayo mrefu. Sijawahi kusikia sala fupi kama ile. Mchungaji alisema amina huku amejiziba pua kwa Biblia. Wanawake wakaanza kuchekea kwenye vitenge vyao, na mmoja, ambaye siku zote aliutaka uongozi wa mama mkwe, akauliza kwa upole kama samaki wa nyumba hii huwa wanauzwa au wanazikwa.

Nilikuwa nyuma ya matete na nilicheka mpaka machozi. Nilichekea mahali pabaya. Wageni walipoondoka, mama mkwe alimsimamia mbwa pale katikati ya ua.

"We imbwa, sikia. Bwana yangu alikuacha mu mikono yangu akiwa anakufa. Siwezi kukufukuza, siwezi kukuua. Lakini siwezi kualika batu ba kanisa kula kuku mu nyumba yenye kinywa kama yako. Ambia mutu fulani mwenye kucheka nyuma ya matete: siku kinywa yako itakuwa safi, siku ile napika, naingiza mukwe, na apeleke bibi yake kwao. Kabla ya hapo, awe."

Awe ni hapana ya Kibemba, na ikitoka kinywani mwa mama yule haikuwa na dirisha wala mlango.

Basi nikawa mswaki wa mbwa. Nilisaga mkaa ukawa unga, nikachanganya na chumvi, nikafunga kitambaa kwenye kidole na kumsugua meno kila asubuhi. Nilichemsha majani ya mpera nikamwosha ufizi. Mke wangu alimshika masikio, mimi nikambana taya. Sitamsingizia mtu upole ambao hakuwa nao: nilimbana kwa hasira, na alipolia nilifurahi kidogo, kwa sababu angalau mmoja katika ua ule alikuwa akinisikia. Alinitapikia mikononi. Alininyea mguuni. Vijana waliopita na baiskeli za samaki kutoka Kabuta waliegemea uzio kunitazama.

"Munganga ya imbwa," mmoja aliniita, "ukimaliza huyo, kuya utengeneze bibi yangu."

Wakacheka, na mke wangu akacheka nao. Nilimtazama, akainamia masikio ya mbwa.

Meno yakawa meupe. Harufu haikutoka. Bwana mifugo wa serikali alipopita kwa pikipiki nikamsimamisha na kumweleza. Alicheka mpaka pikipiki ikazimika. Akaniambia kwa Kibemba kwamba ninasugua mfuniko wakati kilichooza kiko ndani ya chungu. Tumbo la mbwa huyu ni bovu na litakuwa bovu mpaka afe, alisema, halistahimili mafuta. Matumbo ya samaki, vichwa, ngozi, vyote ni sumu kwake. Apewe uji mwepesi wa mihogo na nyama nyeupe ya samaki iliyochemshwa, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, na harufu itapungua. Akionja mafuta tu, pua zenu zitawaambia. Kisha akasema dawa nzuri zaidi ni risasi, ila serikali haikumpa risasi za kupigia mbwa wa wakwe.

Hebu fikiria. Pwani nzima ya Mweru inaishi kwa samaki, hata kuku wananuka samaki, na mimi nimepewa mbwa asiyeweza kula samaki kama mbwa wengine. Nilimfunga kamba mbali na vichanja. Nilimchambulia minofu mimi, mwanamume mwenye nyumba ya matofali Kilwa, nikatoa miba na ngozi, nikachemsha, nikapoza, nikamlisha kiganjani. Mwanangu mwenyewe, kama ningekuwa naye, asingelishwa hivyo. Usiku nililala njaa mara nyingi, kwa kuwa minofu mizuri ilikwenda kwa mbwa na mimi nikabaki na vichwa.

Na ikafanya kazi. Tumbo lilinyamaza. Kinyesi kikawa kigumu, jambo ambalo nilimtangazia mke wangu kwa furaha ambayo leo naionea haya. Mwayo ukawa mwayo wa kawaida wa mbwa. Mama mkwe akamwambia mbwa, kwa sauti ambayo haikuwa na tusi ndani yake, "Kinywa yako inaanza kuwa ya mutu." Akamfunga jogoo mwekundu kamba mguuni ili anenepe. Mimi nikavuka Kilwa kununua bati la mlango.

Niliporudi, niliinusa ile harufu kabla sijashuka mtumbwini. Mbwa alikuwa amejikunja kando ya choo, povu mdomoni. Jogoo alikuwa amefunguliwa.

Nikaanza upya. Mkaa, chumvi, majani, uji, minofu. Akapona. Jogoo akafungwa. Mbwa akaugua tena, jogoo akafunguliwa. Mambo yalikwenda hivyo mpaka nikaanza kumchukia hata jogoo. Kila mara ilikuwa vile vile: siku mbili tatu kabla ya kualika watu, tumbo la mbwa linaharibika. Mtu alikuwa anamlisha, hilo lilikuwa wazi, na mimi sikupoteza muda kutafuta ni nani. Nani mwingine, kama si mwanamke asiyetaka kumtoa binti yake? Alikuwa na matumbo ya samaki kwa ndoo. Nilimwona akilini akimrushia mbwa tonge la mafuta huku akimwomba Mungu anisamehe dhambi zangu. Nilimwombea mama yule mabaya ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwombea mamba, kwa mfano.

Nilimwambia mke wangu, "Mama yako anaharibu imbwa makusudi."

"Usiseme vile juu ya mama," alisema.

"Basi ni nani?"

Alinipa kisogo kitandani, akavuta shuka. Nilipomgusa bega akasema, "Mikono yako inanuka kinywa ya imbwa." Hayo alikuwa amekwisha kunizoesha. Kila mbwa alipougua, mke wangu alilala akiutazama ukuta, nami nililala mikono nje ya shuka kama mtu aliyefungwa pingu, nikimlaani mama aliyetufikisha pale.

Ikaja mara ya mwisho. Kinywa kilikuwa kimetulia kuliko wakati wowote. Mama mkwe hakungoja tena. Alimwambia mbwa kwamba Jumamosi watu wa kanisa wanakuja, mchungaji pia, na unga umekwisha kutwangwa. "Ambia mutu fulani afue shati," alisema. Nilifua shati. Nilipeleka habari kwa mwenye boti ya Kilwa atuwekee nafasi, mimi na mke wangu na masanduku yetu.

Ijumaa asubuhi nilimsugua mbwa meno. Mke wangu alisema ana kazi ya kufagia, hivyo nilimshika peke yangu kati ya magoti. Nilipotoa kidole, kitambaa kilikuwa cheusi kwa mkaa, kama siku zote, na pembezoni mwa weusi ule kulikuwa na rangi nyingine. Nyekundu ya kuelekea manjano. Nilidhani ni damu. Nikanusa. Haikuwa damu.

Yalikuwa mawese. Pua yangu imekulia kwenye mafuta yale, siwezi kuyakosea. Na katika ua ule kulikuwa na chupa moja tu ya mawese, niliyomletea mke wangu mimi mwenyewe kutoka ng'ambo, akaiweka chini ya kitanda chetu kwa sababu mama yake hakutaka kuiona jikoni. Mama mkwe aliyaita mafuta ya kupaka baiskeli. Hakuwahi kuyagusa, na kibandani kwetu hakuwahi kukanyaga. Mwiko wake ulimkataza kama ulivyonikataza mimi kuingia kwake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeisikia methali ile tangu utoto na sikuwahi kufikiri kwamba nguo yenyewe inaweza kuwa kitenge nilichokinunua mimi.

Mbwa akaanza kutapika pale pale miguuni pangu. Mke wangu alikuwa akifagia upande wa pili wa jogoo. Mama mkwe alikuwa ndani ya nyumba ya moshi, nilisikia anakohoa. Ningeweza kumwita mke wangu jina lake. Ningeweza kumpiga, wanaume wa rika langu wangenielewa, na wengine wangenisifu. Nilichokifanya kilinipendeza zaidi wakati ule. Nilimpa mke wangu mgongo, kama mtu anavyompa mama mkwe, nikainua kitambaa, nikasema na mbwa.

"Imbwa, uliza bibi yangu: mafuta yangu ya mawese ilifika namna gani mu kinywa yako?"

Ufagio ukanyamaza.

Mlango wa nyumba ya moshi ukafunguliwa na mama mkwe akatoka. Hakujifunika kitenge, hakugeuza shingo. Alikuja mpaka mbele yangu akanitazama machoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso. Alikuwa na kidevu cha mke wangu. Alikuwa pia mdogo kuliko sauti yake.

"Usisemeshe mutoto yangu kupitia imbwa," aliniambia. "Imbwa ni ya miye na weye. Ni juu ya heshima. Yeye ni bibi yako, iko na masikio."

"Muulize basi, mama. Muulize weye."

Hakuna aliyehitaji kumwuliza. Mke wangu aliuegemeza ufagio ukutani, akajipangusa mikono.

"Ni miye," alisema. "Kinywa ikipona, namupa mafuta. Kila mara ni miye."

"Juu ya nini?" mama yake aliuliza.

"Juu ya siku kinywa inapona, napelekwa Kilwa. Sitaki kwenda Kilwa."

Nilimgeukia. Nikamwambia kuhusu nyumba, matofali, mlango unaotazama maji, bati. Nilimwambia juu ya vichwa vya samaki nilivyokula huku minofu ikienda kwa mbwa. Nilimwambia kwamba amenilaza mikono nje ya shuka kwa harufu aliyoipika mwenyewe. Sikupaza sauti, lakini nilitafuta maneno ya kuumiza, na nilikuwa nayo mengi. Alingoja nimalize.

"Mbona haukusema?" mama yake alisema. "Tangu mwanzo, mbona haukusema?"

"Kwa nani?" Mke wangu hakulia, ningependa kusema kwamba alilia. "Weye unasema na imbwa. Yeye anasema na imbwa. Muko mu ua hii munapanga siku yangu ya kwenda, nguo yangu, sanduku yangu, yote munapanga na imbwa. Miye nani aliniuliza? Basi. Na miye niliweka jibu yangu mule mule, mu kinywa yake."

Mama mkwe akakaa chini kwenye mchanga, mwanamke aliyekuwa akiwatisha wachungaji. Mke wangu aliinama akamfungua jogoo kamba mguuni. Jogoo hakujua kwamba yuko huru. Alibaki amesimama pale pale akidonoa.

Kesho yake, Jumamosi, watu wa kanisa walikuja, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwazuia. Waliukuta unga uliotwangwa na ua unaonuka, wakala kwa kuziba pua, na yule mama aliyetaka uongozi nasikia aliupata. Mimi sikukaa kuona. Boti ya Kilwa ilikuwa imeniwekea nafasi na sikuona sababu ya kuipoteza. Nilishuka ufuoni na sanduku moja. Nilipompita mama mkwe mlangoni alijifunika uso na kugeuza shingo kama sheria inavyotaka, na mimi, mkwe ambaye hakuwahi kuingizwa, nikaingia majanini kwa mara ya mwisho.

Mbwa alinifuata. Alikuwa dhaifu, alisimama kila baada ya hatua chache kutapika, lakini alikuja. Hakuna kiumbe aliyejua mikono yangu kama yeye. Mke wangu alikuja pia, amebeba shati langu lililofuliwa, ambalo nilikuwa nimelisahau kwenye kamba. Alinipa, nikalipokea. Wavuvi waliacha kushona nyavu zao ili watutazame vizuri. Alifungua mdomo kama mwenye neno, na mimi sikutaka kulisikia. Nilichuchumaa mchangani, nikamshika mbwa taya kama kila asubuhi, nikamwambia karibu na uso, harufu yake yote ikiniingia.

"Imbwa, ambia bibi yangu kwaheri, abakie muzuri."

Kisha nikapanda boti. Mke wangu alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwangu, akisikia kila neno.